Siku Kumi Nyuma ya Mbegu Moja

Kosa lilikuwa langu. Nilipewa kitabu kidogo cha mapishi nikitafsiri, na katika viambato vya ukurasa wa nne palikuwa na neno la Kiingereza "buckwheat". Nusu yake ya pili ni ngano, halina ubishi hilo, basi nikaandika "aina ya ngano" nikasonga mbele. Baada ya wiki mbili mhariri akanirudishia ukurasa una alama nyekundu: kitabu chenyewe kiliandikwa kwa ajili ya watu ambao ngano inawaharibu utumbo. Bakwiti, naiita hivyo mpaka nipate jina bora, si ngano, si ndugu ya ngano, wala haimo katika ukoo wa nyasi walimo ngano, mpunga na mtama. Niliomba radhi, nikaomba na wiki mbili nikabidhi kazi upya. Likizo nilikuwa nayo na tiketi ya reli nilikuwa nayo. Haya ni ya daftarini.

Siku ya 1, Jumamosi. Rennes, Ufaransa

Soko la Lices hujaa Jumamosi asubuhi, na foleni ndefu kuliko zote haikuwa ya samaki wala ya maua. Ilikuwa ya galette-saucisse: soseji ya nguruwe ya moto iliyoviringishwa ndani ya galette baridi ya bakwiti, inaliwa ukitembea. Mimi nguruwe sili. Nilipoomba galette tupu, mama muuzaji alinitazama kana kwamba nimeomba bahasha bila barua.

Nikasimama pembeni nikaila polepole. Ni chapati nyembamba, kubwa kuliko sahani, ya kijivu yenye vidoa vyeusi vya maganda yaliyosagwa pamoja na mbegu. Ladha yake inaanza kama njugu iliyokaribia kuungua, halafu inabaki na uchungu kidogo kwenye mizizi ya ulimi, kama udongo baada ya mvua. Haibembelezi. Nikamrudia yule mama kununua ya pili na safari hii akacheka.

Kwenye mfuko wa unga kibandani pake pameandikwa "farine de blé noir", yaani unga wa ngano nyeusi. Kumbe hata wanaoila tangu karne nyingi wameiita ngano. Kwa Kibretoni, lugha ya mkoa huu, nako ni "gwinizh-du", ngano nyeusi vilevile. Niliusogelea ule mfuko nikaupiga picha ya kumpelekea mhariri, kisha nikaona nitaonekana mbishi, sikuituma.

Siku ya 2, Jumapili. Rennes

Mwenye nyumba niliyofikia alikuwa na mgahawa wa galette kwa miaka mingi, na kifaa chake hakukiacha: bilig, bamba zito la chuma la duara, linawaka kwa gesi uani. Akasema, "Leo wewe ndiye mpishi."

Uji wenyewe ni unga, maji na chumvi ya mawe, basi. Aliukoroga kwa mkono mtupu, akiuzungusha na kuupiga ukutani mwa bakuli mpaka ukaanza kutoa vipovu na sauti ya kofi. Unga huu hauna gluteni, hauna kamba za ndani za kuushika, kwa hiyo mtu hutegemea mapigo, mapumziko na moto. Uliachwa saa kadhaa kabla ya kuguswa tena.

Kuna kijiti kiitwacho rozell, umbo la herufi T, cha mbao. Unamwaga upawa mmoja katikati ya bilig iliyopakwa mafuta, halafu unauzungusha uji kwa rozell kana kwamba unafuta vumbi kwenye meza ya duara, bila kukandamiza. Mkono wake ulizunguka mara moja na nusu na galette ikawa imekwisha, na matundu madogo yakajitokeza usoni mwake kama ngozi ya chungwa. Mkono wangu ulikandamiza. Nilipata kitu kama ramani ya visiwa. Ya pili ilichanika nilipoigeuza kwa spanell, ule mwiko mrefu bapa. Ya tano ililika: yai katikati, jibini juu, kingo nne zikakunjwa ndani mpaka duara likawa mraba na kiini cha yai kikabaki kinachungulia dirishani. Tuliiteremshia kwa lait ribot, maziwa ya mtindi mepesi yenye ukali.

Nilimuuliza kwa nini mjini hapa wanasema galette na kule Finistère, magharibi, wengi wanasema crêpe ya blé noir. Akanyamaza kidogo, akanijibu kwamba kuna mambo mtu hayaulizi akiwa ameshika mwiko wa mwenyeji.

Siku ya 3, Jumatatu. Shambani, kusini ya Rennes

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Nilitarajia masuke. Badala yake nilikuta shamba linalofanana na bustani iliyosahaulika: mashina mekundu yenye uwazi ndani, majani ya umbo la moyo, na juu yake povu la maua meupe, mengine yenye haya ya waridi. Mahali pale pale kwenye tawi moja palikuwa na vichipukizi, maua yaliyofunguka, mbegu za kijani na mbegu za kahawia zilizokauka. Mmea huu haujui kumaliza. Unakua, unachanua na kuzaa kwa pamoja mpaka baridi iuue, na baridi ya theluji huiua kweli, mara moja. Mkulima husubiri hadi robo tatu hivi za mbegu ziwe za kahawia ndipo avune. Akingoja zote, zilizotangulia zimeshapukutika chini. Hili lilikuwa limebakiza wiki chache.

Mzee mwenye shamba alinipa lenzi ndogo ya mkononi. "Tafuta maua mawili yasiyofanana," akasema, kisha akaenda kuangalia trekta lake.

Nililala kifudifudi. Ua ni dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Halina petali za kweli, bali vijani vitano vyeupe, ndani yake stameni nane, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, na kati ya stameni vitezi vya manjano vinavyong'aa, kila kimoja na tone la mbochi. Katikati pana vijiti vitatu vya kike. Hapo ndipo tofauti ilipo: katika mmea wa kwanza vijiti hivyo vilikuwa virefu, vimezipita stameni zote. Katika mmea wa jirani vilikuwa vifupi, vimejificha chini, na stameni ndizo zilizosimama juu. Shamba zima ni nusu kwa nusu, warefu na wafupi. Chavua ya mrefu haimfai mrefu mwenziwe, na ya mfupi haimfai mfupi. Ua haliwezi hata kujioa lenyewe. Lazima nyuki amguse huyu, akamguse na yule, na kwa kuwa urefu umepishana, chavua inamkaa nyuki sehemu ya mwili itakayogusa mahali panapotakiwa upande wa pili.

Nyuki walikuwapo kwa maelfu saa tatu asubuhi. Ilipofika saa nane mchana shamba lilikuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Mzee alinieleza kwamba mbochi hutoka asubuhi, na nyuki wameshaijua ratiba.

Alikaanga mbegu chache kwenye kikaango cha kambini. Kila moja ina pande tatu kali, utadhani imechongwa kwa kisu. Hapo nikaelewa lile neno la Kiingereza: limetoka kwa Waholanzi, "boekweit", na nusu yake ya kwanza ni jina la mti wa misituni Ulaya ambao karanga zake zina pembe tatu hivi hivi. Jina la kisayansi nalo, Fagopyrum, limefuata njia hiyo: fagus ni mti ule kwa Kilatini, pyros ni ngano kwa Kigiriki. Ndugu wa damu wa mmea huu ni rubarbu na majani machachu ya soreli, na yeyote aliyewahi kutafuna soreli ataitambua ile ladha kwenye jani lake.

Mzee hakutaka nimpe kondoo wake majani niliyoyachuma. Wanyama weupe wakila sana majani na maua yake kisha wakakaa juani, ngozi inawavimba na kuwasha. Kondoo wake walikuwa weupe pepe.

Siku ya 4, Jumanne. Rennes, Paris, Zürich

Siku ya mabehewa. Kutoka Paris nilikaa mkabala na mama mmoja wa Kifini, mstaafu, anafuma soksi. Akaliona daftari langu lina mchoro wa ua, akauliza. Nikamweleza. "Ah, tattari," akasema. "Ya Watatari."

Basi tukaanza mchezo, na abiria wawili wa jirani wakaingia bila kukaribishwa. Kwa Kifaransa jina lake la pili ni "sarrasin", la Wasaraseni, ndivyo Ulaya ya zamani ilivyowaita Waislamu. Waitalia: "grano saraceno". Kijana wa Kicheki akasema kwao ni "pohanka", na pohan ni mpagani. Warusi wanaila kuliko karibu watu wote na kwao ni "grechka", kana kwamba imetoka kwa Wagiriki. Wajerumani wanalo Buchweizen, la ule mti, lakini pia wana "Heidenkorn", nafaka ya wapagani.

Nilihesabu: Mtatari, Msaraseni, Mgiriki, mpagani. Kila mtu alifunguliwa mlango na mgeni tofauti, au aliyemdhania mgeni. Na mbegu haikutoka kwa hata mmoja wao. Mtaalamu wa Kijapani, Ohmi Ohnishi, aliutafuta mmea mwitu ulioizaa akaupata Yunnan, kusini-magharibi ya China, miaka ya 1990. Hakuna lugha hata moja behewani iliyokuwa na jina la China ndani yake.

Yule mama akauliza sisi tunaiitaje. Nikasema bado. Halafu, ili nisionekane mtupu, nikamwambia kuwa nafaka iliyotoka Amerika Kiswahili kinaiita mahindi, kana kwamba ni mali ya Wahindi. Akaacha kufuma. "Na Waitalia wanaiita granoturco," akasema, "ya Waturuki." Tulicheka mpaka mkagua tiketi akasimama kuona kuna nini.

Siku ya 5, Jumatano. Chur hadi Tirano

Treni nyekundu ya Bernina. Kila mtu ana kamera, siwalaumu. Kituo cha juu kabisa, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253, na Tirano iko mita 429. Unateremka zaidi ya mita 1,800 bila reli ya meno, na pale Brusio treni inajizungusha juu ya daraja la duara kama paka anayetafuta mkia. Juu hakuna kinachooteshwa. Ukifika bonde la Poschiavo unaanza kuona bustani, halafu mizabibu, na unaingia Italia.

Njia hii ni ya zamani kuliko reli. Watu wa Graubünden, upande wa Uswisi, waliitawala Valtellina, bonde hili la upande wa Italia, tangu 1512 hadi 1797, na mmoja wa magavana wao, Johannes Guler von Weineck, katika kitabu alichochapisha mwaka 1616 aliitaja bakwiti ikilimwa bondeni. Ndiyo habari ya mwanzo iliyoandikwa kuihusu huku.

Siku ya 6, Alhamisi. Teglio

Nilishuka kituo cha Tresenda nikakuta basi limeondoka. Teglio iko juu, mita 851, na kituo kiko bondeni. Nikapanda kwa miguu na begi mgongoni, zaidi ya mita 400 za kwenda juu, kona baada ya kona. Nilifika nimelowa kama niliyetoka kuogelea. Ushauri: subirini basi.

Faida yake ni kwamba niliyaona matuta kwa karibu. Kuta za mawe yasiyo na saruji zimeushika mlima, na juu ya kila ukuta kuna kipande cha shamba, vingine si vipana kuliko chumba. Zamani hapa walivuna kwanza nafaka ya baridi, kisha mwezi wa saba wakatia bakwiti kwenye ardhi ile ile, kwa sababu inatosheka na wiki kumi hadi kumi na mbili. Mazao mawili, tuta moja. Leo matuta mengi yamemezwa na msitu, na yaliyobaki na bakwiti unayahesabu, lakini yapo. Wenyeji wanaiita "furmentun", na kwao jina hilo halina Msaraseni ndani yake.

Siku ya 7, Ijumaa. Teglio

Pizzoccheri, tambi za bakwiti. Niliwaza nimepata chakula cha kuingiza katika kitabu chetu, mpaka bibi aliyenikaribisha jikoni akapima unga: gramu 400 za bakwiti, gramu 100 za unga mweupe. Ngano! Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa akachukua konzi ya unga mtupu wa bakwiti, akaukanda na maji, akausukuma. Ulikatika vipande kama udongo wa kiangazi. Kisha akasukuma ule wenye ngano, ukanyooka. Somo likaisha bila neno.

Donge linasukumwa hadi unene wa milimita mbili au tatu, linakatwa mikanda mipana ya urefu wa kidole, mikanda inapangwa juu kwa juu, inakatwa tena kwa upana wa nusu sentimita. Viazi vinatangulia kwenye maji ya chumvi, pamoja na kabichi ile yenye majani ya mikunjo, kisha tambi zinafuata. Zikiiva zinachotwa kwa kijiko cha matundu na kupangwa kwenye sahani ya moto kwa tabaka: tambi na mboga, jibini ya Casera, jibini ya kusaga, tena tambi. Mwisho siagi iliyokaangwa na kitunguu saumu mpaka ikawa ya kahawia inamwagwa juu, ikilia. Nikachukua uma nichanganye. Bibi akanipiga kibao cha mkono. Haichanganywi.

Siagi ni gramu 200 kwa watu wanne. Nilipoketi nilikuwa na njaa ya ile kona ya jana, na bado sikumaliza.

Jioni wakala polenta taragna, aina ya ugali; ugumu wa kuisonga unataka mkono wa mwanamume na kijiti kirefu kiitwacho tarai, kilichoipa jina. Ni unga wa mahindi na wa bakwiti. Nikaandika: granoturco na saraceno, Mturuki na Msaraseni sufuria moja, na ngano haimo. Hii ndiyo itakayoingia kitabuni.

Siku ya 8, Jumamosi. Njiani

Milano, Venezia, Trieste, basi, Ljubljana. Nilikula biskuti. Nililala nimekaa.

Siku ya 9, Jumapili. Radovljica, Slovenia

Katika Makumbusho ya Ufugaji Nyuki wana mizinga ya zamani, masanduku bapa yenye ubao wa mbele uliochorwa picha: shetani ananoa ulimi wa mwanamke, wawindaji wanabebwa na wanyama hadi kaburini. Ubapa wenyewe una sababu. Mizinga ilipangwa juu kwa juu kwenye mkokoteni na kupelekwa kwenye mashamba ya bakwiti ichanuapo, mwisho wa kiangazi, wakati maua mengine yameshakwisha. Nyuki walisafirishwa usiku. Asali yake niliionja: nyeusi karibu kama molasi, harufu ya zizi la farasi mwanzoni, kisha tamu nzito. Wenzangu wawili mezani waliirudisha. Mimi nilinunua chupa.

Chakula cha usiku shambani nilipofikia: ajdovi žganci. Mama mwenye nyumba alimimina unga wote kwa mpigo mmoja kwenye maji yanayochemka, ukakaa kama kisiwa. Akatoboa katikati kwa mpini wa mwiko ili maji yapande, akaacha. Hakukoroga. Baadaye akamwaga sehemu ya maji kando, akauvunja mlima kwa uma mpaka ukawa vipande vikavu vinavyobomoka, akarudisha maji kidogo kidogo. Juu wanaweka mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa yakakauka. Yangu akaniwekea maziwa mgando, bila kuuliza maswali.

Bakwiti hapa ni "ajda", na neno limetoka kwa Wajerumani, kwa wale wapagani wa Heidenkorn. Nilikuwa nikiieleza habari hiyo mezani kwa madaha yote ya msomi wa siku tisa, mama akamwita mjukuu wake aje anisalimie. Msichana wa miaka sita hivi, amepungukiwa meno mawili ya mbele. Jina lake Ajda. Ni jina la kawaida, akasema mama, darasani kwake wako wawili.

Siku ya 10, Jumatatu. Njia ya Vršič

Walinipa lifti hadi juu ya njia hii ya kuvukia milima, mita 1,611. Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kirusi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kona hamsini, na kando yake kuna kanisa dogo la mbao la kuwakumbuka waliofukiwa na poromoko la theluji mwaka 1916.

Juu, ukitazama ukuta wa mlima Prisojnik, kuna uso wa mwanamke ndani ya jiwe: paji, pua, mdomo uliofumba. Ajdovska deklica, msichana wa kipagani. Simulizi inasema alikuwa jitu mwema aliyewaongoza wasafiri theluji ikiwafunika njia, mpaka dada zake wakamlaani akawa jiwe. Ajda wa miaka sita alisimama mbele yangu akanionyesha kwa kidole iliko pua, maana mimi nilikuwa nikitazama jiwe lisilo lake.

Kwenye gari wakati wa kushuka nilifungua faili la ukurasa wa nne. Nikafuta "aina ya ngano". Nikaandika: "bakwiti, mbegu ya mmea wa ukoo wa rubarbu, haina ngano". Nikamtumia mhariri. Tulikuwa hatujafika Kranjska Gora jibu lilipoingia.

"Vizuri sana. Rubarbu ndiyo nini?"